Muruatetu: Mahakama ya Juu ilisema moja, huku chini wakafanya lingine

Kesi ya Francis Muruatetu, mfungwa aliyekuwa amehukumiwa kifo kwa mauaji, ile ya Desemba 2017, wengi tunaijua, ile Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema jaji asilazimishwe kutoa hukumu ya kifo kwa mauaji, mtu lazima asikizwe kwanza kuhusu adhabu yake. Kitu hatuongelei sana ni vile mahakama za chini ziliivuta hiyo hukumu. 2018 Mahakama ya Rufaa ikaitumia kwa wizi wa mabavu, ambao pia adhabu yake ni kifo, baadaye ikaingia mpaka kesi za unajisi, yaani kufanya ngono na mtoto, na huko gerezani watu wakaanza kuandika maombi kwa mkono, jina Muruatetu liko kwa kila karatasi, wakarudishwa kotini kuhukumiwa upya na kuna waliotoka wakaenda nyumbani.

Halafu tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikasema hapana, ile ilikuwa ya mauaji peke yake, kifungu 204 cha Kanuni ya Adhabu (Penal Code), mwenye kesi ya wizi wa mabavu ama unajisi aanzishe yake Mahakama Kuu ipande mpaka juu. Sasa wewe fikiria watu wawili wa kosa moja, mmoja alisikizwa mapema yuko nje, mwenzake faili ilikawia akabaki ndani. Hiyo inaniuma sana.

Katiba ibara ya 163(7) iko wazi, Mahakama ya Juu ikisema, koti zingine zote zinafungwa. Lakini 2022 Mahakama Kuu ya Machakos ikapinga adhabu za lazima za makosa ya kingono, na mwaka huo huo Mahakama ya Rufaa kule Nyeri ikampunguzia mtu wa unajisi miaka 20 ikawa 15. Julai 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha 20.

Mimi siwaiti wakaidi hao majaji. Walifuata sababu za 2017, zile za utu na haki ya kusikizwa, na hizo sababu enyewe haziishii kwa mauaji, ila wakubwa wao walitaka wafuate amri ya 2021. Kwa unajisi niko na Mahakama ya Juu, kwa sababu waliodhulumiwa ni watoto, na Bunge liliweka hizo adhabu 2006 likijua linafanya nini. Lakini kukaa zaidi ya miaka mitatu bila kuonyesha mpaka wa hukumu ya 2017, hapo walikosea. Mpaka ungeandikwa ndani ya hukumu yenyewe siku ile inasomwa, hakimu wa Garissa ama Lodwar asibaki kukisia na mtu amesimama kizimbani mbele yake.