Usiku wa leso na maji ya tangi

Juzi jirani alinigongea kuuliza kama nina kalamini, ile losheni ya kutuliza muwasho, mtoto wake ametokwa na tetekuwanga. Nilipofungua kifuniko kuangalia kama haijakauka, harufu yake ikanipeleka moja kwa moja Nakuru, kwenye chumba cha nyuma kwa mama, na mpwa wangu amelala kifudifudi hataki kuguswa hata na shuka.

Mpwa wangu ana ualbino, na wengi humjua kwa kofia zake. Siku ile hakuwa na kofia. Shule ilikuwa na michezo, na kofia, tukaambiwa, si sehemu ya sare.

Ilikuwa siku ya mawingu, upepo unapuliza, watu wazima wamejifunika masweta. Hapo ndipo Nakuru humlaghai mtu. Miale inayounguza ngozi si ile inayoleta joto, kwa hiyo baridi haikupi habari yoyote. Mji uko kusini kidogo tu mwa ikweta, karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Wingu jepesi hupitisha sehemu kubwa yake. Losheni ya kukinga jua alipakwa alfajiri kabla ya gari la shule, lakini losheni hutakiwa kurudiwa kila baada ya saa mbili, na mapema zaidi mtoto akitoka jasho. Yeye alikaa uwanjani tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa.

Jioni alirudi na wekundu kidogo tu, akala, akatusimulia mbio za kupokezana vijiti. Hakuna aliyeshtuka. Kuungua na jua hujificha kwanza. Ngozi huanza kusema baada ya saa chache, na maumivu hufika kilele kati ya saa 12 na 24.

Saa tatu usiku ndipo alipoita. "Anti, njoo, shati linanichoma."

Nilifungua vifungo vyote kabla ya kugusa kola. Shingoni, pale kola ilipoishia, kulikuwa na mstari ulionyooka kama uliopigwa na rula: juu yake nyekundu iliyoiva, chini yake ngozi yake ya kawaida. Kiganja kilisikia joto kabla hakijamfikia. Nilibonyeza kwa ncha ya kidole, pakawa peupe, nikatoa kidole, wekundu ukarudi mbio. Ncha za masikio zilikuwa zimekaza na kung'aa. Nyuma ya magoti vilevile, hadi pale soksi zilipoanzia. Masikio na nyuma ya magoti, sehemu mbili ambazo kila mpakaji losheni husahau.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kopo la mafuta ya mgando, kidole tayari kimo ndani. Nikamwambia, mama, si usiku wa leo. Mafuta mazito juu ya ngozi inayofuka moto huziba joto ndani. Shangazi akapiga simu kupendekeza dawa ya meno. Hiyo huwasha na kukausha. Mwingine akataja barafu. Barafu juu ya ngozi iliyokwisha kuumia huweza kuongeza jeraha la baridi juu ya jeraha la jua.

Maji ya tangi usiku wa Nakuru nayo si mchezo, na mtoto alikuwa anatetemeka huku anawaka. Niliyatia kwenye karai, nikaongeza maji ya moto kikombe kwa kikombe mpaka kiwiko changu kikasikia ubaridi bila kushtuka. Nikachukua leso kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka ikalainika, nikaikunja mara nne, nikaichovya, nikaikamua isidondoke, nikaiweka shingoni. Kuweka tu, bila kusugua. Baada ya dakika chache ilikuwa na joto kana kwamba imetolewa juani, nikaibadilisha na ya pili. Tukaenda hivyo kwa robo saa, tukapumzika, tukarudia. Alipotulia nilimpa brufeni ya miligramu 200 baada ya uji. Alikuwa na kilo 28 hivi, na dawa hiyo hupimwa kwa miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo, kila baada ya saa sita hadi nane, si kwa tumbo tupu wala kwa mtoto anayetapika. Aspirini mtoto hapewi. Maji akanywa kidogo kidogo usiku kucha, maana ngozi iliyoungua huvuta maji ya mwili kuja juu na kuyapoteza.

Asubuhi tukakata alovera ya uani. Jani lisimamishwe wima kwanza kama dakika kumi na tano, ule utomvu wa manjano uchuruzike, kwa sababu huo huwasha. Kisha lioshwe, limenywe, utumike ute mweupe peke yake. Hupoza, na hilo linatosha. Sijaona kwamba huponyesha haraka zaidi. Ile shubiri ya mwituni inayoota njia ya Baringo ni mmea mwingine, iacheni huko.

Mchana ule ndio uliokuwa mbaya kuliko yote, na malengelenge madogo yakatokea masikioni na shingoni. Tulikuwa tunachunga homa kali, kutapika, kuchanganyikiwa, au malengelenge kutapakaa sehemu kubwa ya mwili. Lolote kati ya hayo lingetupeleka hospitali bila mjadala. Halikutokea. Malengelenge hatukuyapasua. Moja la sikioni lilipopasuka lenyewe tuliliosha kwa sabuni na maji, tukapaka mafuta ya mgando na kulifunika kwa bandeji isiyonata. Kwa hiyo kopo la mama lilikuwa dawa kweli, ila lilikuja mapema. Hajaacha kunikumbusha.

Siku zilizofuata zilikuwa za kuwashwa, na hapo ndipo kalamini ilipoingia, kwenye ngozi isiyopasuka tu. Ngozi ikabambuka vipande vipande. Vilivyoning'inia tulikata kwa mkasi, hatukuvuta.

Dada yangu aliandika barua shuleni, kofia yenye ukingo mpana ikaruhusiwa, mradi iwe ya rangi ya sare. Losheni huwa anaipata bure kwa kuwa amesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na sasa tunaipima: kijiko cha chai uso na shingo, kimoja kila mkono, viwili kila mguu, robo saa kabla ya kutoka. Hayo yote yalikuwa rahisi. Kofia aliivaa wiki moja, kisha nikaikuta imekunjwa chini ya mkoba, kwa sababu gwaride zima ni yeye peke yake aliyeivaa. Hapo sikuwa na dawa ya kumpa, na mpaka leo sijui kama ningemshauri akae kivulini siku ile ya michezo.

Yeye nikimuuliza hujibu, "Lakini anti, tulishika namba mbili."