Sahihi yangu huipati bila kikaratasi

Mwaka jana chuoni kwetu, sisi washauri wa taaluma tuliletewa mtaalamu wa tathmini. Siku nzima ukumbini, chai na maandazi, na jioni tukakabidhiwa dodoso la kuwagawia wanafunzi: je, umeridhika na mshauri wako wa taaluma? Weka alama, moja hadi tano.

Nikaligawa kama tulivyoagizwa. Majibu yakarudi matamu hadi yakatia shaka. Tano, tano, tano. Safu nzima ya viti vya nyuma ilijazwa kwa kalamu moja ya kijani na mkono mmoja. Kuna aliyenipa tano kwa "hupatikana ofisini" ilhali alikuwa ndiyo kwanza amehamia programu yetu na hatujawahi kuonana. Mwingine kwenye maoni kaandika: "Madam abarikiwe." Amina, lakini hapo narekebisha nini?

Ripoti ikapanda juu, nikapongezwa. Muhula haujaisha, walewale wa tano-tano wakanijaa ofisini na sapu zao, yaani mitihani ya marudio, mmoja akiwa amesajili kozi isiyokuwemo kabisa kwenye programu yake. Mwanafunzi huridhika ukimchekea na kumsainia fomu upesi awahi daladala ya Sabasaba. Mimi nilitaka kujua akitoka kwangu anaondoka na nini kichwani.

Basi ikafika wiki ya usajili wa kozi. Fomu haipiti bila sahihi ya mshauri, kwa hiyo foleni huanzia mlangoni kwangu ikaishia uani, kwenye ule upepo wa Dodoma na vumbi lake. Nikakata A4 vipande vinne vinne, kila kimoja maswali matano, bila jina. Steshenari ya nje ya geti walinitoza elfu tano au sita hivi. Boksi tupu la karatasi likakaa mlangoni: tumbukiza kikaratasi, uingie. Huna kikaratasi, huna sahihi. Walinuna, wakajaza. Jina usiliombe kamwe, utaandikiwa baraka tena.

Swali la kwanza: ukimaliza mwaka na GPA, yaani wastani wa alama, ya 1.9, nini kinafuata? Kwetu chini ya 2.0 unadisko, yaani unaondolewa chuoni. Wapo walioandika "nafanya sapu", wapo "nakata rufaa", na mmoja, mkweli kuliko wote, "natafuta mtu". Swali la Bodi ya Mikopo ndilo lililozua kelele. Wengi walidhani matokeo wanayapeleka wenyewe, kumbe chuo ndicho kinachopeleka, na yasipofika bumu, yaani fedha za mkopo, la mwaka unaofuata linakwama. Foleni nzima iligeuka baraza.

Tangu hapo nimeacha hotuba ya "someni kwa bidii". Akija mtu tunafungua matokeo yake na kikokotoo. Kijana mmoja alikuwa na A kwenye kozi ya krediti 6 na C kwenye ya krediti 12; krediti ndiyo uzito wa kozi. Akachukua tano ya A na mbili ya C, akajumlisha, akagawanya kwa mbili, akapata 3.5, tayari kashajiweka daraja la pili la juu. Nikamwambia azidishe kwanza: 5 mara 6 ni 30, 2 mara 12 ni 24, jumla 54, gawa kwa krediti 18. Ni 3.0. Akarudia kwenye simu yake mwenyewe, maana yangu hakuiamini, kisha akauliza ni kozi zipi za muhula ujao zina krediti nyingi. Swali hilo sikuwahi kuulizwa na mtu yeyote wa dodoso.

Muhula wa pili nilirudisha vikaratasi vilevile, bila kubadili hata neno, la sivyo huwezi kulinganisha. La GPA karibu wote walipata. La Bodi, wengi. Lililogoma ni moja: mwisho wa kubadili kozi utautazama wapi? Kalenda ipo ubaoni, hakuna anayepita pale. Sasa viongozi wa madarasa wanaipiga picha na kuitupia kwenye makundi ya WhatsApp, na nimeomba orodha ya waliochelewa kubadili kozi niilinganishe na ya mwaka jana.

Dodoso la kuridhika limerudi tena mezani. Nitaligawa, ndiyo amri. Maswali yangu matano nimeyachapa nyuma yake.