Nilibonyeza "Nakubali"
Mwaka jana, nikihangaikia karo ya mwanangu, nilipakua programu ya mikopo ya simu na kubonyeza "Nakubali" bila kusoma hata mstari mmoja, kwa kuwa masharti yalikuwa marefu, ya Kiingereza cha mawakili, na kuyakataa kulimaanisha kukosa mkopo. Nilipochelewa kulipa kwa siku tatu tu, shemeji yangu, fundi wangu wa nguo na hata mwekahazina wa chama chetu walipokea ujumbe kwamba mimi ni mdaiwa sugu. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa itolewe kwa hiari na kwa kuelewa. Mimi, nakiri, niliruhusu namba zote simuni zisomwe huku macho yakiwa kwenye kiasi cha mkopo.