Kigimbi cha kushoto

"Bibi, mbona mguu huu mwembamba kuliko ule?"

Nilikuwa sakafuni nanyoosha misuli, nimevaa kaptula, na mjukuu wangu ameshika kigimbi cha kushoto kwa viganja vyote viwili. Akahamia cha kulia, akarudi tena cha kushoto kuhakikisha. Nikamwambia uliumia zamani, ukapungua nyama. Akaridhika, akaenda zake kucheza. Mimi nilibaki pale chini nikiikumbuka siku yenyewe.

Mliokimbia nami marathoni ile mnakumbuka nilivyokuwa nimeiva. Tangu nitimize miaka 60 sikuwahi kujiandaa vile. Goti lilitulia, nyonga ilinyamaza. Kisigino kilikuwa kinakaza asubuhi na kulegea baada ya hatua chache, lakini nani wa rika letu anayekimbia asiyezijua asubuhi hizo?

Tulishapita kilomita ya 30, pale barabara inapoanza kupanda. Nilisukuma kwa mguu wa kushoto, nikasikia mlio mkavu, na papo hapo teke zito likanipata nyuma ya kisigino. Niligeuka kwa hasira kumwangalia aliyenipiga. Hapakuwa na mtu. Aliyekuwa karibu zaidi alikuwa bado chini kabisa ya mpando, ameinamisha kichwa, anahangaika na mbio zake.

Nikajaribu kupiga hatua. Mguu ulikanyaga vizuri tu, ila haukusukuma. Maumivu hayakuwa makali, na hilo ndilo lililonitia hofu, kwa sababu maumivu nimeyazoea. Mguu kutonijibu kabisa sikuwahi kukutana nako.

Kijana wa huduma ya kwanza alinilaza kifudifudi kwenye machela, nyayo zikiwa nje ya ukingo. "Mama, nitakubana kigimbi. Ulegeze tu mguu, usinisaidie." Akaanza na wa kulia. Alipobana, wayo ulijisukuma wenyewe, vidole vikanyooka. Akahamia wa kushoto, akabana. Nilikuwa nimekunja shingo natazama. Wayo ulining'inia vilevile. Akabana mara nyingine, kwa nguvu zaidi, na nikauona mkono wake ukifanya kazi na mguu wangu usifanye lolote. Kisha akachukua kidole changu akakipitisha juu kidogo ya kisigino, mahali ambapo maisha yangu yote palikuwa na kamba ngumu. Kidole kikazama kwenye kishimo laini. Hakusema neno, wala mimi sikuuliza. Pembeni yetu viatu vya wenzangu vilikuwa vinapita, kundi kwa kundi, na nilitamani angalau mmoja asimame, kisha nikatamani asisimame yeyote.

Mengine yalikwenda upesi. Kano ya kisigino, ile ya Achilles, ndiyo nene kuliko zote mwilini, lakini sehemu yake ya katikati haipati damu nyingi, ndiyo maana hukatika pale na hupona kwa kusuasua. Daktari alinieleza njia mbili. Upasuaji hupunguza uwezekano wa kano kukatika tena, ila kidonda chenyewe kina hatari zake. Njia ya pili ni buti maalumu inayoinamisha wayo ili ncha mbili zilizokatika zikutane, halafu vipande vinavyoinua kisigino vinatolewa kimoja kimoja. Nikachagua buti. Magongo, usingizi mbovu, kuoga nikiwa nimekaa: hayo mtu huyavuka.

Kigumu kilikuja buti ilipovuliwa. Mtaalamu wa tiba ya viungo alinitaka nisimame kwa mguu wa kushoto peke yake na kuinua kisigino. Kigimbi kilitetemeka, jasho likanitoka, kisigino hakikuondoka sakafuni. Nyumbani binti yangu alikuwa akijaribu kupitisha karatasi chini yake aone kama kimeachana na sakafu walau kidogo. Siku karatasi ilipopita tulilia wote wawili.

Wakati huo wengi wenu mlinitumia habari za Ed Whitlock wa Kanada, aliyekimbia marathoni ya Toronto mwaka 2004 kwa saa 2:54:48 akiwa na miaka 73. Nampenda sana mzee yule. Ila naye majeraha yalimweka nje vipindi virefu, na hivyo vipindi ndivyo nilivyotaka kusimuliwa. Alipokuwa amekaa nyumbani, alijuaje kwamba kinachomsubiri ni mbio na si kustaafu?

Maana hapa ndipo ninapokwama hadi leo. Kijana akipona hurudi pale alipoachia. Sisi, pale tulipoachia pameshahama. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni unashuka kila muongo hata kwa mtu asiyeumia popote. Mazoezi huupunguzia kasi mshuko huo, hayauzuii. Kwa hiyo niliporudi barabarani nikajikuta niko nyuma, sikuweza kutenganisha kilichochukuliwa na kano na kilichochukuliwa na miaka. Nilimuuliza mtaalamu wangu. Aliniambia kigimbi anaweza kukipima kwa utepe, lakini hilo la pili hana cha kulipimia. Cha kwanza napambana nacho kila siku kwenye ngazi, napanda na kushuka kwa ncha ya wayo. Cha pili sijui nikipiganie au nikiache kiende, na kuna siku nikiwa nimechoka navipigania vyote viwili kwa pamoja bila kujua ni kipi kinanishinda.

Jumamosi kundi lina mbio ndefu yenye ule mlima. Nitaanza mapema ili nisiwacheleweshe, na ningeomba mmoja wenu aanze nami, akae upande wa kushoto. Kwenye tambarare niko sawa. Ni pale barabara inapoinuka, na lazima nisukume, ndipo bado naogopa.