Nilivyolimudu joto la kiwanda cha maboksi

Boksi la katoni linatengenezwa kwa moto, ingawa ukilishika dukani huwezi kulidhania. Karatasi ya katikati, ile yenye mawimbi, hulainishwa kwa mvuke kisha hupita kati ya rola za meno zilizopashwa hadi nyuzijoto 170 hivi. Gundi nayo ni wanga uliochanganywa na kostiki soda, kemikali kali inayochoma ngozi, na bila joto haishiki. Kwa hiyo kumwomba msimamizi apunguze moto ni sawa na kumwomba asimamishe kazi.

Kilichonisaidia kwanza ni maji. Ukisubiri kiu, umeshachelewa. Kwa kuwa mashine haikuachii nafasi ya kutazama saa, nilijiwekea utaratibu: roli ya karatasi ikibadilishwa, nakunywa. Kwenye mashine yetu roli ilikuwa ikiisha kila baada ya nusu saa hivi, nami katikati yake naongeza mafunda machache. Ndani ya ovaroli navaa fulana ya pamba, na nyingine kavu inaningoja mapumziko.

Vumbi lina tabia yake. Linatoka kwenye visu vya kukatia, jepesi kama unga, na linaingia hadi masikioni. Wenzangu wengi walijipulizia hewa ya kompresa, mashine inayosukuma hewa kwa nguvu, ili kujisafisha. Mimi nilikataa kabisa. Hewa ile inaweza kutoboa ngozi au kuharibu jicho, na vumbi unalorusha linakwenda kutua juu ya mabomba ya moto, likingoja cheche. Brashi, kitambaa kichwani na barakoa vilinitosha.

Mikono ndiyo iliyonitesa zaidi, maana karatasi hunyonya mafuta ya ngozi mpaka vidole vinapasuka. Na karibu na rola zinazozunguka glavu haivaliwi, kwa sababu ikinaswa inavuta mkono wote. Basi gundi ikinirukia naiosha papo hapo kabla haijakauka, na baada ya zamu najipaka mafuta mazito. Kabla ya zamu sijipaki, yanatia madoa kwenye karatasi.

Kuna jambo ambalo wazoefu hulipuuza. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kulizoea joto, na ukikaa likizo ndefu unalisahau. Kila nikirudi naomba nianzie mwisho wa mashine, kwenye kupanga na kufunga. Vijana wananicheka kwamba nimezeeka. Fundi mkuu hanicheki, ananipanga huko bila maswali.