Basi la bure katikati ya Kisumu: lipa mzunguko, usilipe siku

Nimesimamia mabasi ya bure ya kuzunguka katikati ya mji wa Kisumu kwa niaba ya kikundi cha wafanyabiashara. Wanaotaka kuanzisha huduma kama hii huniuliza kwanza pesa zitatoka wapi. Mimi huuliza zinamlipa nani, na kwa kazi gani.

Makanga wa matatu haondoki steji mpaka viti vijae, maana kiti kitupu ni hasara yake. Ukiondoa nauli, sababu ya kungoja inaisha. Tatizo ni kwamba na sababu ya kuondoka inaisha pia. Dereva anayelipwa kwa siku ataegesha kivulini, abanie dizeli, na jioni akuambie barabara ilikuwa mbaya. Ndiyo maana mkataba wangu hulipa mzunguko uliokamilika, ulioandikwa daftarini na mtunza saa anayekaa Kibuye, njia inakoanzia.

Bei ya mzunguko huipata hivi. Kila mwenye matatu ana hesabu yake, ile pesa anayotaka iletwe kila jioni. Nakodi gari kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni tu, wakati magari mengi yamepanga foleni steji bila abiria, kwa hiyo anadai sehemu ndogo ya hesabu hiyo. Tuseme anataka sh3,000, dereva na makanga wanataka sh1,800 kwa pamoja, na dizeli ni lita 14. Jumlisha, gawanya kwa mizunguko 11. Dizeli ikiwa sh170 kwa lita, unapata kama sh650 kwa mzunguko. Dereva na makanga nawatumia pesa yao moja kwa moja kwa M-Pesa jioni ileile, isipitie kwa mwenye gari. Klachi na breki huumia kwa simama-ondoka ya mjini, na mwenye gari analijua hilo. Asipoliweka kwenye bei leo, atakuja nalo baadaye.

Hesabu ya magari ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mzunguko wangu unatoka Kibuye, unateremka Jomo Kenyatta Highway, unapita soko la Jubilee, unaingia Oginga Odinga Street na kurudi: kilomita sita. Kwa mwendo wa mjini, vituo vikiwemo, ni kilomita 12 kwa saa, yaani dakika 30. Ongeza dakika sita za kupumua pale Kibuye, inakuwa 36. Nataka basi lipite kila dakika 12, basi 36 gawanya kwa 12 ni magari matatu. Ukianza na mawili ili kupunguza gharama, pengo linakuwa dakika 18, na mtu aliye Jubilee atakuwa amefika aendako kwa miguu. Basi la abiria 33 likipita mara tano kwa saa linatoa viti 165. Kusimama ndani hakuruhusiwi, kwa hiyo likijaa limejaa.

Jumapili ni hadithi nyingine. Soko la Kibuye hufurika siku hiyo, magari yanajikokota, na mzunguko hufika dakika 48. Hapo unahitaji gari la nne au ukubali pengo la dakika 16. Mimi huongeza la nne.

Hata siku ya kawaida, mabasi yatafuatana. Lililochelewa kidogo linakuta watu wengi zaidi kituoni, linachelewa zaidi, na la nyuma linapita vituo vitupu mpaka linalishika. Tiba ni zile dakika sita. Mtunza saa anazipunguza kwa gari lililochelewa na kuzirefusha kwa lililowahi. Kuzuia gari hufanyika Kibuye peke yake; ukilizuia katikati ya njia abiria wanakasirika na madereva wa nyuma wanapiga honi.

Nauli ikiondoka makanga bado anahitajika. Anahesabu wanaopanda, mistari minne na mmoja wa kukata, anamsaidia mama mwenye mtoto, na anakataa mizigo. Kanuni yangu: mzigo unaokaa mapajani unapanda, gunia la omena au bunda la mitumba linaenda kwa mkokoteni au tuktuk. Hiyo pia inawaachia watu wa tuktuk riziki yao, na amani hiyo ina thamani kubwa kuliko nafasi ya gunia. Kwa sababu hiyohiyo nakodi magari ya Sacco (chama cha ushirika cha wenye matatu) iliyoko steji, na njia yangu haigusi mtaa wa Kondele. Ukiwachukulia watu wa Sacco abiria wao wa Kondele, utashinda ukisuluhisha ugomvi.

Kibuye wote hushuka, hata anayetaka kurudi alikotoka. Bila hivyo kuna watakaokaa dirishani mchana kutwa wakipunga upepo.

Gari bado lina mstari wa njano wenye jina la njia yake ya kila siku, kwa hiyo watu hudhani ni matatu ileile. Weka kibao kikubwa kiooni, kwa Kiswahili na Kijaluo: BURE, na chini yake USIMLIPE MTU YEYOTE. Mstari huo wa pili ndio muhimu. Usipouweka, atatokea kijana kituoni anayekusanya sh20 "za kushika kiti".

Kutotoza nauli hakukuondolei sheria. Gari liwe na leseni ya kubeba abiria kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, dereva awe na leseni ya PSV, yaani ya gari la abiria, na bima iwe ya abiria. Iandikie kampuni ya bima kwamba gari limekodiwa, uweke nakala. Vituo ombea ruhusa kwa serikali ya kaunti kabla ya siku ya kwanza, la sivyo askari wa kanjo watakutana na dereva kabla yako.

Kuhusu pesa zenyewe, michango ya maduka hukauka upesi. Mji ninaoutazama ni Perth, Australia, ambako mabasi ya bure ya CAT hulipiwa kwa ada ya nafasi za kuegesha magari katikati ya mji, chini ya sheria ya 1999. Tallinn, Estonia, ilifuta nauli kwa wakazi wake mwaka 2013, lakini ule ni mji mzima wenye bajeti yake. Kwetu, ambako maegesho ya mjini tayari hulipiwa, mfano wa Perth uko karibu zaidi.

Mwisho, andika kwenye kila kituo saa ya basi la mwisho. Langu huondoka Kibuye saa tisa na dakika ishirini alasiri, ili limalize mzunguko na dereva awahi abiria wa jioni, ambao ndio wanaomlipa.