Usiku Tuliomulika Nge

Tochi yenyewe haikuwa ya maabara. Madam wa baiolojia aliiazima kwa mwenye duka mmoja pale soko la Majengo, aliyekuwa akikagulia noti bandia. Kitochi cha mwanga wa zambarau, ubavuni kimeandikwa 395. Hizo ni nanomita: pale macho ya binadamu yanapoanza kushindwa kuona na urujuanimno unapoanzia. Ilikuwa Oktoba, tuko kidato cha tano nje kidogo ya mji wa Dodoma, joto lile la kusubiri mvua.

Jioni alitutwangisha mchicha, tukauloweka kwenye spiriti na kuuchuja. Testitubu ya pili akatia binzari na spiriti, ya tatu maji ya toniki, yale machungu yenye kwinini. Taa zikazimwa. Mchicha uliokuwa kijani kibichi ukageuka mwekundu wa damu. Binzari ikatoa njano ya kukaribia kijani. Toniki, ambayo mchana huwezi kuitofautisha na maji ya bomba, ikawa buluu. Kelele za darasa zilisikika hadi bwenini.

"Mwanga nimewapa mmoja," Madam akasema. "Mbona mmenirudishia rangi tatu?"

Akaeleza kwamba kila kimojawapo hunywa mwanga wenye nguvu kubwa, kikabakiza kidogo kwa ajili yake, kisha kikatema unaobaki ukiwa na nguvu pungufu. Kila kimoja hutema rangi yake. Kisha akachanganya mchicha na binzari, na hapo ndipo akili yangu ilipoamka. Kwa macho matupu lilikuwa tope tu la rangi. Akaweka mbele yake jalada la plastiki jekundu, liwe chujio la mwanga: binzari ikazimika karibu yote, mchicha ukabaki. Karibu yote, maana kidogo ilivuja. Alituambia uvujaji huo unawasumbua hata wenye darubini za mamilioni. Ndiyo maana anayetaka kuona vitu vitatu ndani ya seli moja huchagua rangi zilizoachana mbali, akapiga picha ya kila rangi peke yake, kisha akazipandanisha. (Nilipokuja kukaa mbele ya darubini ya aina hiyo miaka mingi baadaye, sikuhitaji kufundishwa kazi ya chujio.)

"Lakini hivi vyote vimekufa," akasema. "Twendeni kwenye vilivyo hai."

Tukatoka na mabuti kwenda kwenye majabali nyuma ya shule. Mlinzi, babu wa Kigogo, akatupokea kwa "Mbukwenyi!" na kutufuata kwa udadisi. Madam akamulika ufa wa jiwe, na nge akawaka: kijani chenye buluu, kila pingili ya mkia ikihesabika, hadi mwiba. Mgongoni amebeba watoto. Tulisogea kadiri tulivyothubutu. Mama alikuwa anawaka, watoto wamepauka, hawawaki. Kumbe kinachong'aa kimo kwenye gamba, na gamba la hao wachanga lilikuwa bado laini.

Hakuna aliyempaka nge rangi, anaitengeneza mwenyewe. Ndicho walichokitafuta wanasayansi, kwani dawa nyingi za kutia rangi huua seli au haziingii ndani yake. Osamu Shimomura aliipata protini inayong'aa kijani kwa konyeza, yule mnyama laini wa baharini anayewasha. Mwaka 1994 Martin Chalfie akachapisha kazi ya kuipachika jeni yake kwa mnyoo wa milimita 1, na neva za mnyoo zikawaka akiwa hai, akitembea. Roger Tsien na wenzake wakaongeza rangi nyingine, na nyekundu zao wakazipa majina ya matunda. Watatu hao waligawana Nobel ya kemia mwaka 2008. Madam alituhadithia haya akiwa amechuchumaa, tochi haitoki kwa nge.

Babu alikuwa kimya muda wote. Mwishowe akauliza, "Kwa hiyo usiku wote huu nalinda pamoja na hawa?"

"Ndiyo, babu."

"Na wezi je, nao wanawaka?"

Madam akafikiri. "Wakiwa wamefua mashati kwa sabuni ya unga, wanawaka vizuri tu."

"Aa, basi hainifai," akasema babu, akarudi langoni.